Nzi wa Buluu wa Himbi

Zéphirin hakuwahi kula sambaza. Mtu mzima, mwenye mke na mvi zake za kuhesabika, anaishi Goma ambako samaki hao wadogo hufika mezani kabla ya sala ya chakula, na hakuwahi kutia mdomoni hata kichwa kimoja. Wengine walidhani ni mwiko wa kwao Masisi. Mwiko gani! Alijua tu nani ameshakula kabla yake, na alijua anavyokula.

Maana kazi yake ilikuwa nzi. Kwenye kituo kidogo cha utafiti alipewa chumba nyuma ya stoo, na humo aliwafuga ndani ya vizimba vya chandarua, akiwalisha matumbo ya samaki yaliyokwisha kulainika. Wenzake walipita mlango huo wamebana pua. Mkewe, Julienne, alimwekea ndoo na sabuni nje, asivuke kizingiti kabla hajaoga. Ukimuuliza Zéphirin anatafuta dawa gani, alikutazama kama umemtukana mama yake. Hakuwa anatafuta dawa. Alitaka kujua nzi akishashiba anaenda wapi. Basi. Swali hilo lilikuwa kwake kama jino bovu, na yeye ulimi.

Njia yake ilikuwa ya kuchekesha. Aliwanasa kwa wavu, akawatia kwenye mfuko wenye rangi ya unga, ile mafundi wanayochanganyia chokaa, akatikisa kidogo, akawaachia. Kisha akazunguka mtaani akitafuta nzi aliyepambwa. Rangi nyekundu kwa wale wa vichanja vya kuanikia sambaza pale mwaloni, ukingoni mwa ziwa. Buluu kwa wale wa shimo la choo la hoteli ya mtaa wa Himbi, iliyopakana na vichanja hivyo, ukuta kwa ukuta.

Vichanja vilikuwa vya wamama, na sauti kubwa kuliko zote pale ilikuwa ya Mama Katungu, mjane wa mtaa wa Mabanga, mwenye asili ya Butembo. Alianika samaki wake juu ya chandarua kilicholetwa na mradi wa malaria, na aliyemuuliza kuhusu hilo alijibiwa kwamba mbu wa Mabanga hawana adabu lakini samaki wanalala vizuri.

"Papa Mainzi, karibu!" alimwita kila asubuhi. "Watoto wako wameshafika. Wako kwenye samaki yangu wanakunywa chai."

"Jambo, Mama Katungu."

"Jambo haishibishi mutu. Kamata hii moja, imetoka kwenye mafuta sasa hivi."

"Aksanti mama, nilikula nyumbani."

"Kila siku nyumbani! Julienne anakupikia nini, majiwe?"

Wamama wengine walicheka mpaka vichanja vikatikisika. Zéphirin naye alicheka, akijifuta miguu, huku akimtazama nzi mmoja mwekundu aliyetua juu ya samaki huyo wa moto, akamtemea mate, akasubiri mate yafanye kazi, akafyonza. Ndivyo nzi anavyokula. Anatema kwanza.

Baada ya misimu miwili alipata jibu lake, na lilimfurahisha kama mtoto. Wekundu hawakwenda popote. Walizaliwa kwenye vichanja, wakashiba hapo, wakafa hapo, wavivu kama watoto wa mfalme. Wa buluu ndio wasafiri. Waliamka kwenye shimo la hoteli, wakanawa mikono, wakaruka ukuta na kuja kuwatembelea sambaza wa Mama Katungu. Na shimo lenyewe, Mungu atusamehe! Goma huchimbi, unapasua. Chini ni mwamba wa volkano, na hata uwe tajiri namna gani, choo chako kinaishia kiunoni. Kinachozidi kinajitafutia njia kwenye nyufa, kinateremka taratibu kwenda ziwani, kijani juu, cheusi chini, kikitoa mapovu kama uji.

Zéphirin alichora ramani, akaweka mshale wa buluu kutoka hotelini kwenda vichanjani. Prof Gauthier, mkuu wa kituo, alipoiomba, alimpa kwa mikono miwili. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuomba kuona kazi yake. Furaha kama hiyo ndiyo humfanya mbuzi amfuate mwenye kisu akidhani amebeba chumvi.

Siku chache baadaye Gauthier alimwita ofisini. Tangu benki zifungwe na ndege ziache kutua mjini, wafadhili wa ng'ambo walikuwa wameyeyuka kama umande, na Gauthier alikuwa amepata mfadhili wa hapahapa: Muzee Ruffin, mwenye hoteli ile ya Himbi, aliyeanzisha fondation, mfuko wa hisani, wa afya ya jamii.

"Zéphirin, ndugu yangu," alisema, akimenya karanga na kupuliza maganda juu ya meza, "udadisi ni kitu kizuri. Lakini mtafiti anayefuata udadisi wake peke yake ni kama mutoto anayekula bila kusaidia nyumbani. Wakati umefika utumikie jamii."

Alilamba kidole, akafunua kurasa za ripoti, akaacha doa la mate kwenye kila pembe. Ramani ilikuwa pale, imepigwa chapa kwa rangi nzuri. Zéphirin aliinama.

"Prof, mshale umeangalia nyuma."

"Mshale ni mshale."

"Wa buluu walitoka kwa Muzee Ruffin, wakaenda kwa wamama. Hapa wanatoka kwa wamama, wanaingia hotelini."

"Njia si ni ileile? Inzi anaenda, inzi anarudi. Wewe ulimuuliza kama ana tiketi ya kurudi?"

Gauthier alicheka peke yake. Zéphirin alisoma mstari wa chini: vichanja vyote viondolewe mwaloni kwa ajili ya kuzuia kipindupindu, na mahali pake pajengwe bustani.

"Bustani ya nani?"

"Ya jamii."

"Jamii gani, Prof?"

"Jamii inayohitaji mwalo safi. Usinifanye nikaongea kama kwenye redio. Juma lijalo kuna restitution palepale hotelini, na wewe ndiye utaonyesha ramani, kwa sababu batu wote wanajua mainzi ni ya kwako. Usipoonyesha, kile chumba chako kinarudi kuwa stoo."

Akasugua viganja, kimoja juu ya kingine, polepole, akiinamisha kichwa. Zéphirin aliijua ishara hiyo. Alikuwa ameitazama kwa miaka, kwa kioo cha kukuzia. Ila nzi akisugua mikono anajisafisha.

Alikwenda moja kwa moja mwaloni kumweleza Mama Katungu. Alieleza vibaya, kwa mzunguko, akianza na mishale. Mama Katungu alisikiliza akigeuza samaki, kisha akaacha kugeuza.

"Kumbe wakati wote ulikuwa unawahesabia wao?"

"Sikuhesabia mutu, mama. Nilitaka tu kujua."

"Kujua kwa ajili ya nani?"

"Ya mimi mwenyewe."

"Ya wewe mwenyewe." Alilirudia neno hilo kama anayeonja kitu kilichochacha. "Unaingia kwa mutu, unamwangalia jikoni misimu miwili, hauonji hata chumvi yake, halafu unatoka na karatasi. Na karatasi inarudi kunifukuza. Papa Zéphirin, toka kwenye kichanja changu."

Hakumwita Papa Mainzi. Hilo ndilo lililomuuma njia nzima. Na lililomuuma zaidi ni kwamba mama yule alisema kweli. Aliyegeuza mshale ni mwingine, lakini aliyeuchora, akaukabidhi bila kuuliza unakwenda wapi, ni yeye aliyejidai anajua kila kitu kinakwenda wapi.

Restitution, kwa asiyeijua, ni siku watafiti wanaporudi kuwaambia wenyeji kile wenyeji walichowaambia. Haifanyiki bila hema, bila sala ya kufungua, bila vinywaji. Na Goma kila mwandaaji anajua kwamba harufu ya chakula isipofika mapema, wakubwa wa mitaa hukumbuka mikutano mingine. Kwa hiyo sahani hutoka kabla ya hotuba. Siku hiyo Muzee Ruffin aliagiza sambaza wa kukaanga, milima mitatu, na pilipili pembeni. Mpishi wake alikuwa amewanunua alfajiri kulekule anakonunua kila siku: kwa Mama Katungu, ng'ambo ya ukuta.

Zéphirin alikuwa amefika kabla ya viti. Mlinzi aliyemjua alimpisha, akijua anakwenda kwenye shimo lake kama kawaida. Alipiga magoti ukingoni, nyuma ya jiko. Uji ule ulikuwa umeumuka usiku. Funza walikuwa wanachezacheza juu yake, weupe, wanene, wenye afya nzuri kuliko wageni wote waalikwa. Alitapika mara moja, akafuta mdomo, akanasa. Akawatia kwenye mfuko wa rangi, akatikisa, akafungua. Wakatoka kama moshi wa buluu.

Hakuwaambia waende wapi. Nzi si askari. Alijua tu alichokijua: wa shimo lile huamka na njaa, hufuata pua, na siku hiyo harufu ya samaki iliyokuwa karibu zaidi haikuwa ng'ambo ya ukuta. Ilikuwa chini ya hema.

Sala ilisaliwa. Sahani zilizunguka. Gauthier alihutubu kuhusu utafiti unaoshuka kutoka mawinguni na kuvaa ndala za mwananchi, wakapiga makofi kwa mikono yenye mafuta. Kisha akamwita Zéphirin, ramani ikatundikwa, mshale ukiwa umeangalia nyuma.

Zéphirin alishika micro, kile kipaza sauti. Aliwatazama: wakubwa wa mitaa wakitafuna, mwanakamati mmoja wa mtaa akinyonya mfupa wa samaki asiye na mfupa wa kunyonya, Muzee Ruffin mstari wa mbele katika shati jeupe, tumbo mbele kama mgeni rasmi wa pili. Na juu ya mkono wa shati hilo akatua nzi. Akatembea kidogo. Kila alipokanyaga, aliacha nukta ya buluu.

Ruffin aliinua kiganja.

"Usimpige, muzee," Zéphirin alisema, na micro ikasema naye. "Huyo ni wa kwako."

"Nini?"

"Wote wenye rangi ya buluu ni wa kwako. Nimewapaka leo asubuhi nyuma ya jiko, kwenye choo chako. Waangalieni, wapendwa. Msiniangalie mimi. Angalieni sahani."

Wakaangalia. Kiti kikaanguka. Juu ya sambaza, juu ya mikate, kwenye midomo ya chupa, wa buluu walikuwa wanakula kwa adabu zao: wanatema, wanasubiri, wanafyonza. Mkubwa mmoja wa mtaa, mzee mnene mwenye kofia, alikuwa na sambaza nusu ndani nusu nje. Hakujua amalize au arudishe. Akarudisha, kwenye mkono wa jirani yake.

"Ramani hii mshale wake umegeuzwa," Zéphirin aliendelea haraka, maana alimwona Gauthier akija. "Wa vichanja niliwapaka nyekundu. Mumeona mwekundu hapa? Hawaji. Samaki wanao kwao, huku wangefuata nini?"

"Zima micro!" Ruffin alifoka. Micro ikazimwa. Haikuhitajika tena. Mama mmoja wa kamati alikuwa ameinama kwenye maua ya hoteli, akiyamwagilia kwa namna yake, na waliomsikia walianza kumfuata mmoja mmoja, kama kwaya inayopokezana.

Hakuna mkubwa wa mtaa aliyetia sahihi ripoti siku hiyo. Vichanja vilibaki.

Chumba hakikubaki. Zéphirin alikuta vizimba vyake vimetupwa nje juu ya mawe meusi, vimekanyagwa, isipokuwa kimoja. Nzi wake walikuwa wametawanyika wote, na mlangoni tayari palikuwa na magunia ya saruji.

Kabla juma halijaisha, Gauthier alipiga simu, sauti tamu kama sharubati.

"Ndugu yangu, umetutikisa! Muzee Ruffin amefikiri. Yuko tayari kusaidia mradi mkubwa: Himbi bila mainzi. Wewe ndiye kiongozi. Unaona sasa? Udadisi wako umekuwa hitaji la jamii!"

Zéphirin aliona mikono ya Gauthier ikisuguana, hata kwenye simu. Alikata, akaenda kwenye ndoo ya Julienne, akaosha sikio kwa sabuni.

Kesho yake alishuka mwaloni na kizimba kilichobaki. Mama Katungu alikuwa ameinamia mbabula, mkaa ukiwaka, sambaza wakilia kwenye mafuta.

"Sijakusamehe," alisema bila kugeuka.

"Najua, mama."

"Basi unataka nini?"

"Kona ya kichanja. Ile ya mwisho, karibu na jiwe. Nataka kujua kwa nini wekundu hawaondoki."

"Itamsaidia nani?"

Zéphirin alifikiri kwa uaminifu. Angeweza kusema kipindupindu. Angeweza kusema jamii.

"Sijui. Labda hakuna mutu. Lakini safari hii karatasi yoyote nikiandika, nitaanza kukusomea wewe. Ukikataa, naichana."

Mama Katungu aliopoa samaki, akamweka kwenye kisahani cha bati, akakiinua mbele ya Zéphirin. Nzi akatua palepale, juu ya jicho la samaki. Mama hakumfukuza. Wamama wote walikuwa wamesogea.

"Kula kwanza."

Nzi alitema. Alisubiri. Alifyonza. Zéphirin aliyajua yote yaliyokuwa ndani ya tone lile, kwa majina yao ya Kilatini, na majina yale yote yalimpanda kooni pamoja. Alimshika sambaza kwa vidole viwili, akafumba macho, akang'ata mpaka shingoni, akatafuna. Machozi yalimtoka. Akameza, na kilichomezwa kikapiga hodi kutaka kurudi, akakizuia kwa kiganja.

Alipofumbua macho, Mama Katungu alikuwa anatazama vidole vyake, ambako kitu kidogo kilikuwa kimebaki kinamtazama.

"Papa Mainzi," alisema. "Na kichwa."