Mitamba Wawili na Springi Nne

Siku mjukuu wangu Purity alimaliza shule nilimpa mitamba wawili, mbele ya watu, nikataja kila mmoja kwa rangi yake: yule mwekundu wa mabaka na yule wa majivu. Kwetu ng'ombe akishatajwa hivyo amehama. Akizaa, ndama si wako. Akipotea, hasara si yako. Na mwenyewe akimuuza, huna ruhusa ya kukunja uso.

Mwanangu Parsaoti, ambaye ni ami yake Purity, alikunja uso miaka saba baadaye. Purity alikuwa amesomea ufundi wa magari, na wale mitamba walikuwa wamezaa vizuri. Akauza karibu wote, akaagiza sanduku la mbao kutoka ng'ambo, kubwa kuliko nyumba yangu ya kwanza. Ndani kulikuwa na gari vipande vipande, ya kujiunganishia mwenyewe. Yeye anaiita hotrodi. Ni gari fupi ya sura ya kizamani, magurudumu ya mbele yametoka nje kama magoti ya panzi, na injini haina hata kifuniko.

"Yeiyo, mama yangu," Parsaoti aliniambia, "ng'ombe wetu wamegeuka mabomba!"

"Ng'ombe wenu wako zizini kwenu. Nenda ukawahesabu. Hao walikuwa wa Purity."

"Mwanamke anapewa ng'ombe akae nao."

"Nilimpa. Sikumwachia anichungie."

Basi Purity akaijenga hiyo gari kwa miezi kumi na nne ndani ya banda la Parsaoti la kuwekea nyasi, hapa kwetu nje ya Kitengela. Nilimshikia tochi, nilimshikia spana, nikajua majina ya vitu ambavyo mama yangu hangeamini viko duniani. Ilipobaki springi pekee, Purity akaenda kwa Mwanzia.

Mwanzia ana duka la springi na shokabsoba pale Kitengela mjini. Zimening'inia kwenye waya kama matumbo ya mbuzi siku ya sherehe. Ni mtu anajua kazi yake, lakini kazi yake ni pikapu za mchanga. Kila gari ikifika kwake anaiona tayari imejazwa mchanga. Purity alimweleza kwamba shokabsoba za hotrodi huingia ndani ya springi, kitu kimoja, na kwamba kila springi imechongwa nambari: paundi ngapi zinahitajika kuibana inchi moja. Alitaka wajadiliane nambari.

"Weka mia tano," Mwanzia akasema bila kuangalia gari. "Barabara zetu ni mawe. Ngumu haijawahi kumtupa mtu."

Ilitutupa sisi. Siku ya kuijaribu nilikaa kando ya Purity na sinia yangu ya shanga mapajani, maana mimi sikai mikono mitupu. Kabla hatujafika Kisaju tukapita tuta moja dogo, tuta la kuvushia kondoo. Hiyo gari ikaruka! Nyuma ikapiga teke upande, tukaangalia tulikotoka, na shanga zangu zote, nyekundu, nyeupe, samawati, zikamwagika barabarani. Mwenye bodaboda alisimama akanisaidia kuokota. Nilipata kama robo.

Parsaoti aliona tukirudi polepole, mimi nimeshikilia shingo. Akacheka mpaka akaegemea lango.

"Sasa sikieni. Jumamosi ya wiki kesho kuna maonyesho ya magari ya kuundwa Kajiado. Hii kitu ifike huko na irudi kwa miguu yake, nitanyamaza mpaka nife. Ikirudi kwa kamba, Jumatatu naikata. Lango langu linahitaji mabomba, na nyasi zangu zinahitaji banda."

Banda ni lake, sikuweza kubisha. Lakini Purity alikuwa ameng'ang'ania usukani, na mimi nikajibu kwa niaba yake. "Jumamosi. Na wewe njoo na kamba yako ndefu, usije ukakosa kitu cha kushika."

Usiku huo nilimwambia Purity jambo nililojua tangu nikiwa msichana wa kuteka maji. Punda ukimwekea mzigo lazima kwanza ujue mzigo ni kilo ngapi, na uko upande gani. Kamba ya mzigo mkubwa ukimfungia mzigo mdogo, itamkata tu.

"Koko, ndiyo hiyo," mjukuu wangu akasema, akaketi wima. "Hatujawahi kuipima. Mwanzia alikisia, na mimi nikakubali makisio. Ni lazima tujue kila gurudumu linabeba nini."

"Basi twende kwa Sironka."

Sironka hupima ng'ombe pale Kisaju, kwenye jukwaa la chuma lenye vyuma pande zote. Tulimkuta akipima fahali wa mtu. Akaniinamia kichwa kidogo kunisalimu. "Takwenya, Koko."

"Iko," nikaitikia. "Leo nimekuletea ng'ombe wa magurudumu."

Alifurahi sana, hata akafukuza mbuzi waliokuwa wamesimama njiani. Purity akaweka mbao chini ya magurudumu matatu ili gari ikae sawa, la nne likakaa juu ya jukwaa, na yeye mwenyewe akaketi kwenye usukani kwa sababu dereva naye ni mzigo. Mimi nikaketi kando yake. Uso wa mizani uko ndani ya kibanda cha Sironka. Alisoma, akaandika, akasema "Lingine!" Mara nne. Akatupa karatasi imeandikwa vizuri kama cheti.

Purity akapiga hesabu zake siku nzima. Alinieleza kwa kutumia fimbo yangu. Ukiisimamisha wima na kuiegemea, inakubeba. Ukiilaza kidogo, inakubeba kidogo. Shokabsoba zake za nyuma zimelala kidogo, kwa hivyo hiyo nayo ilibidi iingie kwenye hesabu. Mwisho akapata nambari za springi za mbele, na za nyuma akapata mia na sitini.

Mwanzia aliposikia mia na sitini aliweka chini kikombe chake.

"Dada, hiyo ni ya kiti cha ofisi."

"Nipatie tu, Mwanzia," Purity akasema. "Gari si ya mchanga."

"Nitakupatia. Lakini ukirudi hapa unalia, utalia ukiwa umesimama, viti viko na wateja."

Tukafunga hizo springi Ijumaa asubuhi. Purity akashusha jeki. Gari ikashuka, ikashuka tena, na nyuma ikaketi kabisa kama ng'ombe mgonjwa anayekataa kuinuka. Aliposukuma kwa mkono, chuma kiligonga mpira: tup. Nilipopanda mimi, gurudumu likagusa bodi.

Purity aliketi juu ya tairi kuukuu, akafuta grisi vidoleni, kidole kimoja kimoja, na vidole vilipoisha akaanza upya. Nje nikasikia Parsaoti akipima lango kwa utepe na kupiga mluzi. Makusudi.

"Hesabu zangu ni mbaya, Koko. Mwanzia alikuwa sawa."

"Ulizirudia?"

"Mara tatu."

"Basi si hesabu. Lete karatasi ya Sironka."

Nilitazama zile nambari nne. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini kujumlisha nilijumlisha vizuri. Jumla ilikuwa ndogo kuliko uzito ulioandikwa kwenye karatasi za sanduku, na hapo sisi wawili hatujaingia. Gari imejengwa, ikapungua? Nikakaa nikifikiria jukwaa, kibanda, yule fahali wa mtu. Mwenye kuuza ng'ombe humpa chumvi alfajiri, ng'ombe akashikwa na kiu, akanywa mpaka tumbo likajaa, ndipo akaletwa kwenye mizani. Kila mnunuzi anajua. Kwa hivyo mpimaji mwaminifu akishasoma uzito hutoa kwanza uzito wa maji, ndipo anaandika.

Nikachukua simu.

"Sironka, siku ile ulipima gari yetu, ulitoa maji?"

"Koko, mimi ni mtu wa haki, unanijua! Nilitoa kilo thelathini, kama kawaida."

"Kwa gari yote?"

"Ilipita jukwaani mara nne, si ndiyo? Nilitoa mara nne."

"Na gari inanywea maji wapi, Sironka?"

Nikasikia mbuzi. "Sasa... nilifikiria ile radieta," akasema.

Purity alikuwa tayari amesimama. Aliongeza thelathini kwa kila gurudumu, akaandika juu ya bati la banda kwa chaki, akapiga mstari chini: mia mbili. Mia mbili kwa nyuma, na za mbele zipande kidogo. Ilikuwa saa nane mchana, na Mwanzia hufunga saa kumi na moja.

Alitupokea, nyanya na mjukuu, kwa kupiga makofi. "Shosho! Dada! Karibuni kwenye mia tano."

"Mia mbili," Purity akasema.

"Kwanza mia na sitini, sasa mia mbili, kesho mtakuja na nambari ya simu. Sikiliza, dada yangu, kubadilisha nambari ni kuchanganyikiwa."

"Kuchanganyikiwa ni kuuzia kila mtu nambari moja miaka ishirini," nikamwambia. Vijana waliokuwa wakingoja pikapu yao wakaguna. "Mwanzia, kitendawili."

"Ah, shosho, hapa ni kazini."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Akibeba mlima hulala. Akibeba unyoya hupiga mateke."

Akafikiri. "Punda."

"Siyo."

"Mwanamke." Vijana wakacheka.

"Siyo, na mkeo nitamwambia. Nipe mji."

Akakunja mikono. "Nakupa Kajiado, shosho. Lakini kwanza ufike. Parsaoti ameniambia yote. Kesho nitakuwa kwa pikapu yake, nyuma yenu, mimi na kamba."

"Vizuri. Kajiado nimeipokea. Jibu utalipata huko huko. Sasa shusha hizo springi."

Akazishusha. Mtu wa biashara hawezi kukataa mbele ya wateja.

Jumamosi tuliondoka saa mbili asubuhi. Gari ilikuwa imekaa wima, si juu kama jogoo wala chini kama kuku anayelalia mayai. Purity aliibonyeza kila pembe kwa kiganja. Ilishuka, ikapanda, ikatulia. Mara moja tu. Akanitazama. Nikaingia na sinia yangu ya shanga.

"Koko, hizo ziache leo."

"Niziache kwa nini? Wewe endesha gari yako, mimi nitunge shanga zangu."

Nyuma yetu Parsaoti akawasha pikapu, tupu, kamba imekunjwa kwenye bodi, Mwanzia kando yake na miwani ya jua. Tulipokaribia Kisaju, Sironka alikuwa barabarani na watu wake, akinyoosha mikono juu kama mtu anayeomba msamaha na kushangilia wakati huo huo. Lile tuta la kondoo likaja. Purity hakupunguza. Nilihisi gari ikiinama, ikachukua lile tuta ikalimeza, na shanga kwenye sinia zikateleza upande mmoja zikarudi. Nikaingiza uzi kwenye nyekundu.

"Koko!" Purity akapiga kelele.

"Angalia mbele."

Isinya kuna matuta yamefuatana. Hapo nilitunga nyeupe sita. Baada ya Isinya lori likatusukuma pembeni kwenye changarawe, gurudumu la nyuma likaanguka kwenye shimo, na nikasema moyoni: sasa. Tup hatukuisikia. Gari ilijikusanya, ikapanda lami tena, imenyooka. Nikageuka kutazama nyuma. Pikapu ya Parsaoti ilikuwa inarukaruka kwenye hiyo changarawe kama mbuzi aliyefunguliwa, na kamba ilikuwa imeruka nje ya bodi, mwisho wake unaburutwa barabarani kama mkia. Ile pikapu ina springi za Mwanzia. Aliziuza yeye mwenyewe.

Kajiado walitufungulia uwanja, watu wakaizunguka gari na simu zao, na Purity akabaki kwenye usukani kidogo, mikono imeshikana, kabla hajaweza kushuka. Pikapu ikafika. Mwanzia alishuka akiwa ameshika utosi uliogonga paa, miwani imevunjika mguu mmoja.

"Nilipewa Kajiado," nikamwambia, "nikaenda Kajiado, nikakuta watu wazuri, wakanikaribisha. Jibu uko nalo kichwani, hapo umeshika. Springi yako ngumu ikibeba watu wawili na kamba."

Alijikuna. Alizunguka nyuma ya hotrodi, akapiga magoti, akaangalia chini kwa muda mrefu. "Mia mbili," akasema, si kwangu. Kisha akamuuliza Purity shokabsoba zimelala kwa pembe gani, na Purity akapiga magoti kando yake akamweleza, na safari hii Mwanzia ndiye aliyesikiliza.

Parsaoti alisimama mbali akikunja kamba. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Mwishowe akanijia, akainamisha kichwa chake kama alipokuwa mdogo, nami nikakigusa.

"Yeiyo, mgongo wangu. Hiyo pikapu tukirudi... Mwanzia anaweza kuiendesha. Nilikuwa nafikiria, kama wewe ungebaki kwa shemeji yako hapa Kajiado mpaka kesho, mimi ningekalia kiti chako."

"Kiti si changu."

"Si wewe unakikalia?"

Nilifunga fundo la mwisho la shanga zangu, nikakata uzi kwa meno. "Nimekikalia kwa sababu niliomba. Purity ndiye huyo. Muombe mwenye ng'ombe."

Akatazama kulia, akatazama kushoto, uwanja umejaa wanaume anaowajua. Akatembea mpaka kwenye gari. Sikusikia alichosema, alisema chini. Lakini nilimsikia Purity akijibu, kwa sauti ambayo uwanja mzima ulisikia.

"Ingia, ami. Kamba iache."