Gauni la Harusini

Mfagiaji alikuwa ameinama chini ya viti vya behewa la tatu msimamizi alipompokonya fagio na kumpa mkoba wa ngozi.

"Acha hiyo, dada. Leo wewe ni abiria. Kavae lile gauni lako la harusini, ukae dirishani."

"Abiria wa kwenda wapi?"

"Mwisho wa reli! Wakubwa wa hazina wanakuja kuona kama treni hii ya mwendo kasi ina watu. Wakikuta viti vitupu, wanakata ruzuku, na sote tunarudi kijiweni. Sasa atakayetuumbua, kesho asikanyage hapa."

Treni ilipoondoka, behewa lilikuwa limejaa. Mlinzi wa geti alivaa suti ya marehemu baba yake, imembana makwapani. Mpishi wa kantini alijifunika uso kwa gazeti.

"Shemeji, umelishika juu chini," fundi umeme alimnong'oneza.

Walicheka, ila mfagiaji hakucheka. Alimwaza mumewe, kalala nyumbani na nyonga iliyovunjika, dawa zikielekea kwisha.

Mzee mmoja wa hazina akaja kuketi mbele yake, biskuti mkononi.

"Unasafiri sana na treni hii, mama?"

"Kila siku, mzee." Hapo hakusema uongo.

"Na nauli unaionaje?"

"Si mbaya." Kwa nauli hiyo, mshahara wake wa mwezi ungempeleka tu, usimrudishe.

Mzee akauma biskuti. Chenga zikamwagika mezani, nyingine sakafuni. Kabla hajajijua, mfagiaji alikuwa amezikusanyia za mezani kiganjani, ameinama, na mdomo wake umeshatoa maneno ya kila siku:

"Miguu, mzee."

Mzee akainua miguu yote miwili, kama wanavyoinua watu wote. Kisha akabaki hivyo hivyo, miguu juu, akimtazama. Akaitazama suti ya mlinzi. Akalitazama gazeti, lililokuwa likitetemeka.

"Mama," aliuliza polepole, "abiria wako wapi?"

Msimamizi, aliyesimama mlangoni, alimtolea macho. Kazi ilikwishakwenda, aliliona hilo usoni mwa bosi wake kama anavyoona vumbi.

"Wako kwa miguu, mzee," mfagiaji alisema. "Nauli imewashinda. Hata mimi."

Akaufungua ule mkoba wa msimamizi, akazimwagia chenga ndani.