Majani ya Tate

Leo asubui nilikuwa nachagua maharagi kwa mulango wakati Papa Useni, dereva mwenye kuletaka mboga ya mashu, alisimamisha kamyo yake na kunitupia kifurushi.

"Ya mama yako! Tate yako wa Kibumba, muzazi wake, njo ametuma. Achemushe majani ya kujaa mukono moja, anywe, kichwa itatulia. We mutoto, unaogopa nini? Mi silake batoto!"

Nilicheka tu chini-chini. Motere ilikuwa inaunguruma, na sauti yangu haitokake mbele ya batu.

Tangu moto ya mulima ya volkano ishuke mwezi wa kwanza, mama halalake. Udongo ikitikisika kidogo, sahani zikilia, anatubeba mimi na mudogo wangu Bibiche, anakimbia inje. Anasemaka akili yake inatembea usiku muzima, kama kuku yenye kukosa fasi ya kutagia.

Nilifungua kifurushi: majani makavu. Nilijaza mukono, nikachemusha mpaka maji ikakuwa nyeusi. Mama alikunywa saa sita, akakunja uso.

"Chungu hivi! Tate anataka kuniponya ao kuniazibu?"

Akacheka. Akalala.

Mangaribi jirani yetu, Mama Saumu, alikuja kuomba chumvi, akamuona, akacheka.

"Muache alale! Leo hata papa yako akirudi na mufuko ya sukari, huyu haamuke."

Alipoenda tu, udongo ikatikisika. Sahani zikalia. Nilibeba Bibiche inje, nikarudi mbio. Mama alikuwa vile vile, mudomo wazi, anapumua polepole. Nilimufinya. "Mmm," basi.

Pale njo nilikumbuka: kwake, tate anachumaka majani mabichi. Mukono ya makavu, ile ni kitunga ya mabichi! Nilipashwa kuuliza mbele ya kuchemusha.

Nilikimbia barabarani bila viatu. Papa Useni alikuwa anarudia Kibumba. Nilisimama mbele ya kamyo.

"Unataka nikuue?"

"Uulize tate!" Nilipiga kelele mpaka batu ba soko bakageuka. "Mukono ya mabichi ao ya makavu? Na kama nimezidisha, nimupe nini aamuke?"

"Ntarudi usiku huu huu. Ntapiga klakson ya kamyo kwenu."

Sasa Mama Saumu anamupangusa uso na maji baridi. Hacheke tena. Mimi naandika kando ya tala yenye kuwaka, nisisinzie. Kamyo ikisikika toka Kibumba, nasimama. Inapita. Naikala, naweka sikio kwa kifua ya mama, nasimama tena.

Klakson, bado.