Usipigwe Picha ya Upande

Picha iliingia kwenye simu ya Nabintu saa ya mapumziko, pale Louisville, kwenye ghala anakofunga maboksi. Aliifungua huku anatafuna. Hakumeza.

"Mama Gaël, kuna msiba?" akauliza Liberati, mama wa Kirundi anayekaa naye meza moja kila siku.

"Msiba gani! Ni huyu mtoto. Huyu mtoto ataniua."

Kwenye picha kulikuwa na wasichana wawili wametazamana, mmoja mweupe, mmoja mweusi, pua zinakaribia kugusana. Mweusi alikuwa Gloire, binti yake, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Amherst, pembeni mwa Buffalo. Chini yake waliandika kwamba ni filamu, itaonyeshwa Jumamosi, na watu wote wanakaribishwa. Watu wote! Nabintu akaisukuma simu mbali, kama mtu aliyeona nyoka ndani ya kiatu.

"Mbona amependeza," Liberati akasema.

"Amependeza kwa nani? Si nilimkataza?"

Alikuwa amemkataza kweli, na si mara moja. Nyumba ya Nabintu ina sheria zake. Usilale kabla ya kuweka viatu karibu na kitanda. Mtu akikuuliza kabila, mwulize na wewe anataka kununua nini. Lakini sheria iliyozipita zote ilikuwa hii: usipigwe picha ya upande. Tazama mbele, cheka, basi. Picha zote za familia, tangu kambi ya wakimbizi mpaka Amerika, watoto wamekodoa macho mbele kama wanaomba pasipoti. Ukimwuliza sababu anakuwa mkali, na mwisho hata watoto waliacha kuuliza.

Na kabla ya sheria kulikuwa na kidole gumba. Kwa watu wa kwao, mtoto akizaliwa, akina mama humwogesha na kumkanda kwa mafuta ya vuguvugu, na wengi humvuta pua kidogo ili isimame, awe na sura. Nabintu alifanya kinyume. Kila asubuhi aliweka gumba juu ya pua ya Gloire na kuibonyeza chini, taratibu, kama anayebandika stempu. Wanawake wa kambini walimshangaa. "We Nabintu, unamharibu mtoto!" Hakuwajibu. Na gumba lenyewe halikusaidia kitu. Mtoto alikua, pua ikasimama vilevile, ndefu, nyembamba, na kinundu kidogo katikati. Sasa imetundikwa kwenye tangazo, kubwa kama sahani.

Akapiga simu palepale.

"Gloire, ile picha uitoe leo."

Gloire akajibu kwa Kiingereza, kama watoto wanavyofanya wakitaka kushinda. Kwamba picha si yake, ni ya Tamar, rafiki yake Myahudi aliyeitunga filamu. Kwamba filamu inahusu bibi yake Tamar. Kwamba imekwisha kubandikwa chuo kizima.

"Basi nakuja mwenyewe kuibandua."

Kisha Gloire akasema kwa Kiswahili, kile chake cha kuokota maneno: "Ukuje, Mama. Lakini kama unakuja kwa kunipatisha haya mbele ya batu, usikuje. Na kama unanitoa ku ile film, mimi sirudie tena ku nyumba. Sifanye mchezo."

Nabintu alibaki ameishika simu iliyokatwa. Mtoto wa kike, amemlea peke yake tangu baba yao alipofariki, leo anamwambia hatarudi nyumbani kwa ajili ya picha. Lingekuwa jambo la kucheka, angecheka. Liberati akakubali kumshikia zamu ya Jumamosi, na Nabintu akapanda basi la kwenda Columbus, kwa shemeji yake Polycarpe, kwa sababu Polycarpe ana gari, na kwa sababu kule Buffalo alitaka aende na mwanaume wa ukoo, neno lake liwe na uzito.

Polycarpe ni mdogo wa marehemu mume wake. Anakaa karibu na Morse Road, ni shemasi wa kanisa, na ni mtu mwema ambaye mdomo wake haujui kupumzika. Kwenye kioo cha gari lake inaning'inia bendera ndogo ya Israeli, na nyuma, karibu na dirisha, ameweka pembe ya kondoo dume ambayo wao huipuliza kanisani.

"Film ya Bayahudi?" alisema huku akipakia begi la Nabintu. "Alleluia! Bon, hiyo lazima nione. Labda tutaona Yerusalemu."

"Hatuendi kuona Yerusalemu. Tunaenda kumtoa mtoto kwenye mambo."

"Tutaona kwanza, kisha tutamtoa."

Alliance, mke wake, akawafungia mikate ya kukaanga na chai kwenye chupa, wakaondoka. Mpaka Cleveland Polycarpe aliimba. Baada ya Cleveland, ziwa likiwa upande wa kushoto, akaanza kuongea.

"Unajua, shemeji, hawa batu ndio bameshika dunia. Benki, televisheni, yote. Kuna video nilitumiwa, nitakutumia."

"Usinitumie. Si wewe unayewaombea kila Alhamisi?"

"Bon, wale ninaombea ni wa Biblia. Hawa wa leo, donc, ni wengine."

"Wengine namna gani? Walibadilishwa njiani?"

"Usinichekeshe, shemeji. Unamtambua mara moja tu. Unamwangalia pua." Akaachia usukani mkono mmoja, akachora hewani pua ndefu iliyopinda. "Pua haidanganyi!" Akacheka mpaka gari likayumba.

Nabintu aliutazama mkate aliokuwa ameushika. Ulikuwa umesagika kiganjani. Kati ya watu wote walioumbwa na Mungu, Polycarpe! Kusema neno moja kungemlazimu aseme yote, na yote hakuwahi kumwambia mtu isipokuwa marehemu mume wake, naye alimwomba asimwambie mdogo wake.

"Angalia barabara," akasema.

Ukumbi ulikuwa huko Amherst, katikati ya maegesho yasiyokwisha. Gloire aliwapokea mlangoni, akamkumbatia mama yake kwa mkono mmoja, kama mtu anayeshika sufuria ya moto. Pembeni yake alisimama msichana mfupi mwenye nywele za mawimbi.

"Karibu, Mama," msichana akasema. Alikuwa amefundishwa.

Kabla Nabintu hajajibu, Polycarpe alikwisha kuudaka mkono wa yule binti kwa mikono miwili. "Shalom! Shalom! Binti wa Sayuni, unibariki!" Akainamisha kichwa, kweli akangoja abarikiwe, watu wanapita.

"Tonton, please," Gloire akamwambia baba yake mdogo.

Nabintu alitamani ardhi ipasuke immeze. Tamar akamgusa Polycarpe begani, akasema kitu cha heshima kwa Kiingereza, wakaingia.

Filamu haikuwa na Yerusalemu. Ilikuwa na shule ya hapahapa Buffalo, na msichana wa Kiyahudi, na rafiki yake mweusi, ndiye Gloire. Siku moja msichana anakuta kwenye kabati lake la shule wamechora uso wa upande, pua ndefu iliyopinda, na maneno machafu chini yake. Picha ikajaa ukuta mzima.

"He! Kweli ni pua!" Polycarpe akasema kwa Kiswahili, akacheka. Vijana wa Kikongo waliotoka mitaa ya Bailey kumwona mwenzao, safu ya nyuma, nao wakacheka, kwa sababu yeye alicheka. Safu ya mbele Gloire akageuza kichwa. Mwanga wa filamu ukampiga upande mmoja wa uso, na Nabintu akamwona Mama Nshombo amekaa pale, mama mkwe wake aliyekufa zamani, mzima.

Filamu ikaendelea. Yule msichana anarudi nyumbani analia, naye bibi yake hamfariji. Anamshika kidevu, anamgeuza upande, anampima pua kwa kidole, kisha anasema atamlipia daktari aikate, kama yeye mwenyewe alivyokatwa alipofika Amerika akiwa msichana. Mjukuu anakataa, anapiga kelele, anataka kujua kwa nini. Na bibi, baada ya kukataa sana, anaeleza: katika nchi yao, Wayahudi wakiwindwa, kwenye foleni ya mkate, jirani alimwonyesha dada wa bibi kwa kidole akasema, mtazameni pua ya huyu. Dada hakurudi na mkate.

Nabintu alisimama. Akapita juu ya magoti ya watu bila kuomba njia, akatoka mpaka kwenye korido. Polycarpe akamfuata mbio.

"Shemeji, uko mgonjwa? Ni pressure?"

"Mama yako alikufa na nini?"

Polycarpe akashangaa. "Sasa hilo linatoka wapi? Si malaria? Nilikuwa mtoto, nilikuwa kwa wajomba kule Walungu. Baliniambia malaria."

Mlango ukafunguka, Gloire akatoka, macho mekundu. Hasira yote ilikuwa Kiingereza. Kwamba walikuja kumwaibisha. Kwamba bibi yake Tamar mwenyewe amekaa mle ndani na amesikia watu wakicheka.

"Nyamaza kidogo," Nabintu akamwambia, wala hakumfokea. "Simama hapo na Tonton wako. Nitasema mara moja tu, msinirudishe nyuma."

Akawaambia. Ilikuwa vita ya kwanza ya Kongo, kabla mji wao, Bukavu, haujaanguka. Yeye alikuwa bibi harusi mpya, wanashuka kutoka Kadutu na mkwe wake, wamebeba mihogo. Vijana walikuwa wameweka kizuizi barabarani, wanawatafuta Watutsi. Wangepita. Mkwe wake alikuwa Mshi, kabila la palepale, mtoto wa Mshi, wote waliwajua. Lakini pale kizuizini alikuwepo muuza makala, mkaa wa kupikia, jirani yao, mtu waliyekuwa wanampa chumvi. Akasema kwa mchezo, huyu mama na pua hii, mna hakika ni wetu? Wakacheka. Hata Mama Nshombo alicheka. Halafu mmoja akamshika kidevu, akamgeuza upande.

"Alitoa carte yake ya kitambulisho. Alisema nao Mashi, lugha ya kwao. Aliwatajia shamba la baba yake na kilima chake. Wakamwambia carte inanunuliwa, pua hainunuliwi."

Polycarpe aliuegemea ukuta.

"Mimi waliniacha," Nabintu akasema, "kwa sababu ya hii." Akajigusa pua yake, fupi na pana. "Na nani alianza? Hakuwa askari. Ni yule wa kuchekesha. Wewe leo njia nzima unanichekesha! Pua haidanganyi, pua haidanganyi! Mama yako mzazi, Polycarpe! Nilinyamaza mpate kukua bila ile sumu, kumbe mmeinywa kwa simu, na mnaniletea kikombe ninywe na mimi."

Ndani ya ukumbi watu walianza kupiga makofi, filamu imekwisha.

Gloire alikuwa ameweka vidole juu ya pua yake. "Ndiyo maana ulikuwa unanibonyeza," akasema. "Mama mdogo Alliance aliniambia, nikafikiri ni mchezo."

"Nilijaribu. Ilikataa. Wewe ni yeye kabisa, nikikuona upande damu inakimbia. Wewe, na huyu." Akamwonyesha Polycarpe kwa kidevu.

"Mimi?" Polycarpe akasema.

"Hujawahi kujitazama? Unajua kutazama za wengine tu."

Polycarpe akageukia kioo cha mlango, akapinda shingo huku na huku, lakini mtu hawezi kujiona upande kwenye kioo. Akatoa simu, akampa Gloire. Sauti ilikuwa ndogo. "Nipige. Ya upande."

Gloire alimtazama mama yake kwanza. Sheria ilikuwa bado sheria.

"Mpige," Nabintu akasema. "Mpige upesi, halafu aingie akamwombe yule bibi msamaha. Na asimwombe baraka!"

Gloire akapiga. Polycarpe akaishika simu karibu na uso, akakaza macho. Alipitisha kidole kwenye kioo cha simu, toka paji la uso mpaka ncha ya pua, polepole. Kisha akajifuta macho kwa mkono wa shati, akasukuma mlango wa ukumbi, akaingia peke yake.

Mama na binti wakabaki koridoni. Tangazo lilikuwa limebandikwa pale pale nyuma yao, pua kwa pua. Nabintu alilitazama, akageuka, akalitazama tena.

"Unaitoa?" Gloire akauliza.

"Sijui. Usinisukume." Akavuta pumzi. "Ukija likizo, njoo na hiyo filamu. Ndugu yako Gaël aione, nitamweleza mwenyewe. Sitaki akacheke mahali na yeye."

"So nikuje?"

"Nani alikufukuza? Si wewe uliyesema hurudi? Lakini ile picha, kwenye group ya kanisa usiiweke!"

"Mama..."

"Nimesema. Na ufunge koti, nje kuna upepo."