Matusi ya Gati la Antsahampano

Kihariri cha zamani cha kampuni ya matishari, programu ya kuandikia kurasa za tovuti, kilikuwa kizito kiasi kwamba, ukiwaamini watu wa Mahajanga, mtu angeweza kubonyeza "hifadhi", akapanda taksi hadi Belobaka kununua mihogo, akaimenya, akaichemsha, na akirudi ofisini na sahani yake akakuta kile kiduara bado kinazunguka kwenye kioo. Ansoifa, karani wa ofisi hiyo, hakuwahi kwenda mbali hivyo. Yeye akisubiri alishona kofia, na mumewe akaishia kuwa na kofia nyingi kuliko Ijumaa za kuzivaa.

Mwisho wa mwaka 2014 kampuni ikanunua kihariri kipya. Elamine, mkuu wa kompyuta, akatangaza kwamba tovuti ya ndani yote inahamia huko, kwamba cha zamani kitazimwa mwezi ukiisha, na kwamba kitakachobaki humo kitapotea. Kurasa zenyewe zilikataa kuhama kwa hiari. Ilibidi mtu anakili moja moja, abandike upande wa pili, kisha afute vile vimiraba na alama za kuuliza ambazo kihariri cha zamani kiliziacha kila mahali Mfaransa alipoivika herufi kofia. Mtu huyo akawa Ansoifa. Akapewa sharti moja tu: kinachoingia upande mpya kiwe safi.

Kurasa nyingi hazikumsumbua. Namna ya kumfunga ng'ombe kwenye tishari. La kufanya mafuta yakimwagika. Sikukuu za mwaka 2006, ambazo hakuna aliyezihitaji tena ila hakuna pia aliyethubutu kusema zitupwe. Kisha akafika kwenye ukurasa ulioitwa "Hali ya Gati", na hapo mkono ukasita.

Matishari ya kampuni yalivusha saruji, magari na ng'ombe kutoka Antsahampano, upande wa bara, hadi Hell-Ville kisiwani Nosy Be. Gati la bara lilikuwa chini ya Saindou, la kisiwani chini ya Houmadi. Saindou aliandika kinachokuja, Houmadi aliandika kilichofika. Lakini kwa upande wa mama zao wawili hao walikuwa watani, ziva kama wanavyoitwa huko, kwa hiyo tangu tovuti izaliwe hapakuwa na mzigo uliovuka bila tusi lake. Waliandika kwa Kimalagasi cha kaskazini, Kifaransa wakikitia penye mizigo na Kingazija penye hasira.

"Wanakuja ng'ombe tisa," Saindou angeandika. "Houmadi awapokee vizuri, mmoja ni shemeji yake." Naye Houmadi jioni: "Wamefika. Shemeji anasema huko kwenu alikuwa akilala kitandani na wewe zizini." Wiki nyingine Houmadi alitangaza kwamba Saindou amefariki kwa uroho, akala wali na sufuria, na kwamba anazikwa na mwiko wake. Saindou akajibu kutoka kaburini kwamba ni pazuri, hapana harufu ya Houmadi. Walisema hata nahodha mmoja aliwahi kukataa kung'oa nanga mpaka asomewe tusi la siku hiyo, akidai bila hilo injini haiwaki.

Ansoifa alizaliwa Mahajanga katika ukoo uliotoka Ngazija. Habari za ziva alizisikia kama mtu anavyosikia habari za theluji. Alisoma, akaona haya kwa niaba ya wazee wale wawili, akafuta. Alifuta kwa moyo mweupe, tusi baada ya tusi, na ukurasa uliokuwa mrefu kama kamba ya nanga ukabaki mfupi kama kiberiti. Elamine aliuonyesha mkutanoni kuwa mfano wa kazi nzuri.

Yaliyotokea kwenye magati Ansoifa aliyajua baadaye. Saindou alifungua tovuti mpya, akakuta miaka yote ya matusi imetoweka, yake na ya mwenzake. Akawaza: Houmadi ameomba yafutwe. Watu walikuwa wakisema Houmadi anajiandaa kwenda Hija. Labda ameanza kuusafisha ulimi kwa kunitupa mimi. Basi akaandika tu: "Tishari limeondoka saa moja. Saruji, mbao, ng'ombe." Houmadi naye alikwisha kuona ukurasa mtupu na kuwaza kwamba Saindou, tangu amwoze binti yake kwa mtu wa benki, amekuwa mtu mkubwa. Akajibu: "Limepokelewa. Asante, Bwana Saindou."

Lile "Bwana" lilimkaa Saindou kooni kama mwiba wa samaki. Kutoka siku hiyo waliandikiana kwa adabu, na adabu kati ya watani ni kama mtu na mkewe kuanza kupeana mikono. Wachukuzi wa Antsahampano wakaanza kusema kwa sauti za chini. Mpishi wa tishari alidai hata ng'ombe wameacha kulia njiani.

Jumanne moja, kabla ya alfajiri, bibi Echa, mama yake Houmadi, akafariki nyumbani kwake Hell-Ville. Miaka yake haikujulikana. Wengine walisema tisini, wengine mia na kitu, mwenyewe alisema bado anakua. Asubuhi Ansoifa alikuta tangazo la Houmadi likisubiri kuchapishwa: kwa masikitiko familia inawaarifu wafanyakazi wote, maziko ni leo baada ya alasiri, wenye shughuli wasijisumbue. Aliliona zuri. Akamrehemu marehemu, akalichapisha.

Hakumaliza chai. Simu ikalia, naye alikuwa Rabiata, mshika fedha wa ofisi ya Hell-Ville, mwanamke aliyeongea taratibu pale tu alipokuwa amekasirika.

"Ansoifa, dada yangu," akasema, "umeyapeleka wapi matusi ya watu?"

Ansoifa akaeleza sharti la usafi. Rabiata akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamweleza lake. Mama ameoshwa, sanda iko tayari, jamaa wamejaa hadi barabarani. Lakini mtani hayupo. Mtani wa msiba haletewi tangazo kama mgeni. Anatukanwa, naye anakuja mbio kutukana. Ni yeye anayeziba mlango jeneza lisitoke, mpaka wafiwa wacheke ndipo waweze kulia. Bibi Echa aliwaambia wote, akiwa bado na nguvu, kwamba hatoki mlangoni mpaka Saindou auzibe. Na sasa Houmadi amekaa kwenye mkeka, macho mlangoni, hataki kupiga simu. Anasema kama mwenzake alitaka kufutwa, basi na afutwe.

"Wakimtoa bila Saindou," alisema Rabiata, "watakuwa wamemzika kama mtu aliyeshushwa na meli isiyomjua. Na Houmadi hatapona hilo."

Ansoifa aliweka simu chini na kuiinua tena. Antsahampano akapokea Saindou mwenyewe. Ansoifa alimwita zama, yaani mjomba, kama wanavyoitwa huko wanaume wa umri ule, akampa pole, akakiri moja kwa moja kwamba aliyefuta ni yeye.

"Unamkinga Houmadi, mwanangu," Saindou akasema.

"Simkingi, zama. Hata simjui kwa sura."

"Mtu wa ofisi hafuti kazi ya miaka yote ile bila mwenyewe kumwomba. Amenishukuru. Ameniita Bwana. Mimi na yeye tumetahiriwa wiki moja, nilimcheka yeye kwanza, na leo ananiita Bwana."

"Naye anadhani ni wewe uliyeomba."

"Ameandika wenye shughuli wasijisumbue. Mimi nina shughuli. Nina ng'ombe hapa."

Akakata, kwa adabu. Tishari la mwisho linaloweza kufika kabla ya alasiri lilikuwa linaondoka saa sita. Ansoifa alifikiri kuandika tusi mwenyewe na kulitia jina la Houmadi, akaona hapana: tusi la mtani halina wakala. Angeweza kuwapa mdomo wao tu, jinsi walivyokuwa nao.

Akateremka hadi chini ya ngazi, kwenye kompyuta ya zamani ambamo kihariri kile kilikuwa hakijazimwa bado, akaiwasha. Kiduara kilizunguka. Safari hii hakushona kofia, alisimama. Ukurasa ulipofunguka hatimaye, akaunakili wote, tangu tusi la kwanza, akaubandika upande mpya pamoja na vimiraba vyake na alama zake za kuuliza, maana hapakuwa na wakati wa kusafisha. Juu kabisa akaandika: "Maneno haya yalifutwa na Ansoifa wa Mahajanga kwa kutojua. Wenyewe hawakuomba, si mmoja wala mwingine."

Kihariri kipya hakikukubali ukurasa wa ukubwa ule bila idhini ya Elamine. Akaenda kumwita. Elamine alisoma mstari wa kwanza akakunja uso. Kwenye wa pili akakohoa. Alipofika kwa yule ng'ombe shemeji, alizungusha kiti akautazama ukuta kwa muda, mabega yakimtikisika.

"Haya ni matusi," akasema alipogeuka.

"Ni taarifa za mizigo, bosi. Nilipoyatoa matusi, mzigo ndio uliokwama."

"Na makao makuu wakiuliza nani ameingiza?"

"Jina langu liko juu pale."

Elamine alilitazama jina. Familia yake pia ilitoka Ngazija. Theluji ile ya ziva naye hakuwahi kuiona. Aliuliza maziko ni saa ngapi. Kisha akavuta kiti karibu, kwa sababu kihariri kipya kilitaka kujua ukurasa huu ni wa aina gani, nacho kilitoa nafasi za Habari, Usalama na Taratibu za Kazi tu. Walijadiliana kidogo. Elamine akachagua Taratibu za Kazi, akabonyeza.

Hakikuzunguka kiduara chochote. Ukurasa ukawa pale, mrefu, mchafu.

Wakangoja. Saa tano ikapita. Ansoifa alifungua ukurasa upya mara nyingi hadi kidole kikauma. Rabiata alituma ujumbe kwamba Houmadi amesomewa yale maneno ya juu ya ukurasa, akainamisha kichwa. Kutoka Antsahampano, kimya. Karibu na saa sita ukatokea mstari mpya chini ya ule wa mwisho, ukisubiri kuchapishwa:

"Tishari limeondoka. Saruji, mbao, ng'ombe kumi. Houmadi, mpumbavu mkubwa, usithubutu kumtoa mama yangu. Namdai beberu wangu aliyemla mwaka sabini na tisa, na kama hana, nitachukua kitanda."

Ansoifa aliusoma kwa sauti, akauchapisha. Elamine, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akarudi mezani kwake na kufunga mlango taratibu.

Mengine aliyapata kwa Rabiata, ambaye si mtu wa kupunguza. Saindou, alisema, alishuka kabla ya tishari kufungwa, akapita katikati ya ng'ombe, akafika msibani ananuka kama wao. Alilala kifudifudi kwenye kizingiti. Alimtukana marehemu, akawatukana waliomwosha, akauliza kwa nini wamemwacha Houmadi nje badala ya kumtia ndani ya sanda yeye ambaye ameoza zaidi. Houmadi alimrushia kiatu. Kisha akacheka, na ndani ya kile kicheko akaanza kulia, kilio alichokuwa amekizuia tangu alfajiri, na Saindou akalia naye pale chini, huku bado ameushika mguu wa jeneza akidai beberu wake. Walimpa jogoo. Akasema ni mdogo. Wakamwongezea mwingine, ndipo akainuka, akajitwika begani upande wa mbele wa jeneza, na wakaenda. Rabiata aliapa kwamba majogoo wote wawili waliwafuata hadi makaburini.

Asubuhi iliyofuata Ansoifa alikuta mstari wa Houmadi ukisubiri kuchapishwa.

"Tishari la jana limepokelewa. Ng'ombe wazima. Aliyekuja nao amemaliza wali wa msiba, amelala kwenye kitanda cha mama, na hataki kuondoka. Antsahampano waje wamchukue."

Ansoifa aliondoa herufi moja ya ziada iliyokuwa imejipenyeza kwenye neno "kitanda". Mengine hakuyagusa. Akachagua Taratibu za Kazi, akachapisha, kisha akafungua ukurasa uliofuata, ule wa maboya ya kujiokolea.