Namba Moja wa Mwalimu Burhani

Mpe Mtanzania kipande cha chaki, msimamishe mbele ya ubao, na wenzake wote watamwamkia, hata wanaoweza kumzaa. Sijui tulilishwa nini shuleni. Burhani wa Magomeni alikuwa hajafika miaka thelathini, na mpaka mwanzoni mwa mwaka tisini na nane sisi wafanyabiashara wa Guangzhou tulikuwa tukimwita Burhani tu, au "wee Burhani" akichelewa. Alikuja China kwa udhamini wa serikali kusomea ujenzi wa madaraja. Madaraja yakamshinda, akabaki na Kichina, akawa mkalimani wetu. Ukienda kiwandani kuagiza mzigo, yeye ndiye mdomo wako, na mdomo ule haukufunguka bure.

Kisha akanunua chaki.

Alipata chumba nyuma ya ofisi ya wakala wa makontena, pale kwenye jengo la Tianxiu Dasha, akapaka ubao rangi nyeusi, akatangaza darasa la Kichina kila Jumapili baada ya adhuhuri. Jumapili ya kwanza na mimi nilikwenda. Burhani aliingia na shati lililopigwa pasi, na watu wazima, wenye maduka na wajukuu, wakainuka kwa pamoja, viti vikilia, wakaimba: "Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Kaeni," akasema, bila haya hata kidogo.

Niliinua mkono. "Burhani, Kichina cha 'rangi hii itachuja?' wanasemaje?"

Darasa zima likageuka kunitazama kama niliyetukana kanisani. Burhani akatabasamu kwa upole. "Dada Kalista, lugha ni nyumba, na nyumba haianzi na paa. Tunaanza na aina za maneno. Huko kwenye rangi tutafika."

Akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: NOMINO. Tukaambiwa nomino ni neno linalotaja jina la mtu, mahali au kitu. Tukaambiwa turudie. Tukarudia. Nilivumilia mpaka kwenye vivumishi, nikachukua mkoba wangu nikaenda zangu. Nina duka la nguo Moshi mjini, na katika miaka yote ya kuuza sijaona mteja aliyeuliza kivumishi. Wanauliza kama itachuja.

Muzdalifa alibaki. Huyu ni Mzanzibari, mwenye duka la nguo za watoto Darajani, na pale Guangzhou tulikuwa tukilala chumba kimoja. Sababu yake ya kubaki niliijua, maana nilikuwa nikiisikia kila siku. Sababu hiyo iliitwa Abdulwakil.

Abdulwakil ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Tangu kaka yake azikwe, Abdulwakil alilitolea macho lile duka kama paka wa jirani. Idd iliyopita akapata la kusema. Muzdalifa alikuwa ameleta jinzi za watoto kutoka Xintang, mji wa viwanda vya jinzi jirani na Guangzhou, zikauzika zote kabla mwezi haujaandama. Asubuhi ya Idd, watoto wa nusu ya mji waliposujudu, magoti yakaitika chwaa! Akina mama hawakungoja hata pilau iive. Walikwenda dukani siku hiyo hiyo ya sikukuu, na suruali mikononi.

Ukoo ukakaa kikao. Abdulwakil akasema shemeji yake hajui lugha ya watu, ndiyo maana anauziwa matambara huko ugenini. Wazee wakampa Muzdalifa Idd moja ya kujaribu tena. Mzigo ukimwaibisha mara ya pili, funguo za duka anazo Abdulwakil.

Na nani aliyemwagizia zile jinzi? Burhani. Muzdalifa alipompelekea kilio, Burhani alisikitika sana, akatikisa kichwa. "Laobani amekuzunguka, mama." Laobani ndivyo tulivyomwita kila Mchina mwenye duka au kiwanda. "Ungekuwa unajua Kichina, asingethubutu."

Kwa hiyo Muzdalifa akaenda kujifunza Kichina, amkabili laobani uso kwa uso. Akaenda kujifunza kwa Burhani.

"Shoga," nilimwambia, "lakini aliyekuagizia si huyo huyo?"

"Yule ni mwalimu, Kalista."

"Mwaka jana hakuwa mwalimu."

"Basi sasa ndiye. Na uache kumtaja hivyo hivyo kama muuza karanga."

Miezi ikaenda. Chumba chetu kikageuka madrasa ya sarufi. Muzdalifa aliamka na viwakilishi, akapika na viunganishi. Daftari lake alilipiga mstari mwekundu pembeni kama alivyofundishwa darasa la pili. Kila aina ya neno alijua inavyoitwa Kichina: nomino ni mingci, kitenzi ni dongci, kivumishi ni xingrongci, na hiyo ya mwisho aliitamka mpaka mate yakaruka. Huko darasani nako mambo yalikuwa moto. Shedrack wa Mwanza, muuza redio, baba wa watoto sita, alikamatwa akichungulia kwa jirani wakati wa jaribio. Mwalimu akamwamuru asimame kona, uso ukutani. Shedrack akasimama. Alipotoka akanihadithia mwenyewe, tena kwa fahari, kwamba mwalimu ni mkali, hana mchezo.

Lakini uwapeleke wasomi hao Guangyuan Xilu, kwenye majengo yale ya nguo za jumla, uone. Hakuna aliyeweza kumwambia muuzaji kwamba suruali inabana, wala kwamba anataka nyingine kama hii ila ya bluu. Wote walitembea na Burhani, kama zamani, na ada yake kama zamani, tena sasa wakimbebea mfuko. Nilipowauliza, walinijibu kwa huruma kwamba bado wako kwenye msingi.

Mtihani ukafanyika. Muzdalifa akawa namba moja. Burhani akatangaza mahafali, Jumapili inayofuata, vyeti na pilau.

Jumatano yake Muzdalifa akaniambia, "Kesho naenda Xintang. Bila ya Burhani. Mzigo wa Idd ukiikosa meli, utafika watu wameshavua nguo za sikukuu. Na mimi sasa nimesoma." Nikaenda naye, maana nilijua atahitaji mtu wa kumshika mkono.

Karakana ya laobani ilikuwa na mashine zinazonguruma na vumbi la bluu kila mahali, mpaka kwenye nyusi za mafundi. Laobani, mtu mnene mwenye uso mwema, akatutolea viti na chai katika vikombe vidogo. Mkewe alikuwa kwenye cherehani kando. Muzdalifa hakukaa. Alisimama wima, akatoa mkobani kipande cha jinzi nzito, nusu ya kile alichompa Burhani mwaka jana akaagizie, na suruali moja ya Idd iliyopita, iliyopasuka. Akanyoosha kidole kwenye suruali.

"Mingci," akasema kwa sauti ya darasani.

Laobani akaitika kwa kichwa.

Muzdalifa akakibonyeza kile kipande kizito. "Xingrongci!"

Laobani akamtazama mkewe. Mkewe akasimamisha cherehani. Muzdalifa akapata moyo, akawapa kitenzi, akawapa kielezi, akawapa mpaka kiunganishi, kila kimoja kwa matamshi yaliyonyooka, na laobani akawa anatikisa kichwa kwa heshima kila mara, kama mtu anayesikiliza wimbo wa taifa wa nchi nyingine. Mwishowe akaongeza chai.

Ndipo sauti ikamkatika. Akanigeukia, macho yamejaa. "Kalista, kila neno najua linaitwa aina gani. Maneno yenyewe siyajui."

Nilimwonea huruma. Miezi yote ile, mwanamke mzima, mwenye akili ya kuendesha duka peke yake, alikuwa akipewa maganda na kuambiwa ndiyo ndizi. Ningemwona Burhani wakati ule ningemrushia kile kikombe.

Muzdalifa akajifuta macho kwa mtandio. Akaitazama ile suruali. Kisha akaniambia, "Piga magoti."

"Mimi?"

"Wewe Mkatoliki, magoti umeyazoea. Mimi sala ya Idd siwaigizii watu."

Nikapiga magoti juu ya vumbi la bluu la Xintang, mimi Kalista, mbele ya mafundi wote. Muzdalifa akaniwekea suruali ile juu ya mapaja, akaelekeza kidole kwenye goti lililotoboka, akapaza sauti: "Chwaa!" Akanionyesha niinuke, nipige tena. "Chwaa!" Akaweka mkono chini kuonyesha kimo cha mtoto, akasukuma midomo kama mtoto anayelia, kisha akashika kiuno kama mama aliyekuja dukani na shari zake, akaninyooshea kidole mimi kana kwamba mimi ndiye yeye.

Mke wa laobani alicheka mpaka akashikilia cherehani. Halafu akanyamaza ghafla. Akainuka, akaichukua suruali, akavuta kitambaa kati ya vidole, kikaachia bila ubishi. Akamwambia mumewe maneno makali kiasi. Laobani akaenda nyuma, akarudi na majora mawili ya jinzi. Moja zito, akaliweka kando ya kipande cha Muzdalifa, akavisugua pamoja: sawasawa. Lingine jepesi, akaliweka kando ya ile suruali: sawasawa pia.

Kisha akasema, "Bulani."

Na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa ya maigizo, naye akaigiza. Akavuta kola kama kijana mtanashati, akakisukuma mbali kile kipande kizito, akapiga kofi juu ya jora jepesi, akafanya uso wa kusema hili linatosha. Halafu akajipapasa mfuko wa shati, taratibu, kwa kuridhika. "Bulani," akarudia, akainua mabega.

Hapo hapakuhitajika mkalimani.

Muzdalifa aliketi. Alikunywa ile chai iliyopoa yote, kikombe kwa kikombe. Kisha akainuka, akaweka kiganja chake juu ya jora zito, akamtazama laobani. Kikokotoo kikapita huku na huku mpaka wakakubaliana. Hatukuondoka mpaka mafundi walipokata na kushona suruali ya kwanza, naye akaivuta magotini kwa nguvu zake zote. Haikusema kitu. Akaomba vipande viwili, cha jora hili na cha jora lile, akavitia mkobani.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikiingojea Jumapili kwa hamu mbaya.

Jumapili ikafika, chumba kikajaa. Pilau ilikuwa kwenye sinia pembeni, na mezani kulikuwa na vyeti vimepangwa: karatasi nene, maandishi ya Kichina kutoka juu hadi chini, na muhuri mwekundu mkubwa kama kisahani. Burhani alivaa tai. Akamwita Namba Moja aseme machache.

Muzdalifa alikwenda mbele, akaviweka vile vipande viwili mezani juu ya vyeti.

"Mwalimu," akasema, "mwaka jana nilikupa hiki kizito, umwagize laobani. Nimekwenda Xintang. Laobani anasema wewe ndiye uliyechagua hiki chepesi, ukatia chako mfukoni. Kwa nini?"

Nilifurahi, sitaki kusema uongo. Nilifurahi mpaka miguu ikaniwasha.

Burhani akaviokota vipande, akavitazama kwenye mwanga wa dirisha, kimoja kimoja, bila haraka. Akatikisa kichwa kwa kupendezwa.

"Swali zuri sana," akasema. "Mnaona? Huyu ndiye mwanafunzi, haogopi kuuliza. Ila swali hili linataka sentensi changamano, sababu na matokeo, na sisi hatujafika. Hilo liko hatua ya pili. Tutalianza mwezi ujao."

Na Mungu ni shahidi yangu, vichwa viliitika. Mama mmoja aliandika.

"Mwizi!" nilipiga kelele kutoka mlangoni. "Hajakana hata neno moja na hamsikii? Huyu ni mwizi!"

Shedrack akageuka, mpole kabisa. "Dada Kalista, kwa heshima zote, wewe hukusoma." Kisha akainua mkono. "Mwalimu, na vyeti je? Pilau inapoa."

Burhani akavisukuma vipande pembeni kwa ncha ya kidole, akainua cheti cha kwanza, akasoma jina. Muzdalifa binti Ali, nafasi ya kwanza. Nikamtazama, nikingoja akichane. Muzdalifa akanyoosha mikono yote miwili, akakipokea, akainamisha kichwa. Makofi yakatikisa ubao.

Nilimkabili kwenye ngazi. "Umekichukua? Kutoka mkononi mwa mtu aliyekuvunjia heshima Unguja nzima?"

"Nimekichukua."

"Hata thamani ya karatasi yake hakina!"

"Kalista, shoga yangu." Alisimama, akakipangusa ukingoni, palipoingia mafuta ya pilau. "Wewe Abdulwakil humjui. Zile jinzi, hata zisipasuke mpaka siku ya kiama, atasema ni bahati. Ataniambia kuna mwanamume alinisaidia. Lakini hiki nitakitia kioo, nitakitundika dukani juu ya kiti changu. Atakuja, atakitazama, hatadai funguo tena."

"Na kimeandikwa nini?"

Akakigeuza kuelekea kwenye mwanga, akakitazama kwa muda mrefu, huyo namba moja wa darasa.

"Sijui," akasema. "Na Abdulwakil naye hajui."