Mstari Ulionyooka

Mchana ule msikilizaji alikuwa nusu macho, nusu ndotoni. Setilaiti ilikuwa imeona mmweko wa miale ya gama, nyota imejifia huko mbali, na antena zote za kituo cha kusikiliza anga zikageuzwa kuelekea kule. Huenda nyota iliacha pia mawimbi ya redio, na hayo huchelewa njiani, ndiyo maana watu huwahi kuketi wakayasubiri. Miaka yote aliyofanya kazi pale, msikilizaji hakupata hata wimbi moja, na mkuu wa kituo alishasema hii ndiyo mara ya mwisho.

Nyuma yake mama yake, aliyekuja kumtembelea, ametulia kama maji mtungini. Getini aliambiwa aache simu kwa kuwa huvuruga antena, akaapa hana. Uongo mtupu! Tangu kitindamimba wake wa kiume aondoke kwa hasira bila kuaga, mama na simu yake walikuwa chanda na pete.

Mashine zilivuma kama mvua ya mbali juu ya bati. Msikilizaji akawa anaelea. Mara mstari mweupe ukasimama kwenye skrini.

"Yamekuja!" fundi wa antena akaruka. "Dada, yamekuja!"

Msikilizaji akainamia skrini. Lakini mstari ulikuwa umenyooka. Mawimbi ya nyota huja kwa mafungu, ya masafa ya juu yakitangulia, ya chini yakijikokota, yakachora mstari uliopinda. Ulionyooka umetoka jirani tu.

Akageuka. Mama alikuwa ameukumbatia mkoba wake, amejitia hamnazo.

"Mama."

"Nimeizima sauti, mwanangu. Haimsumbui mtu."

Msikilizaji akaitoa simu mkobani. Kuna mtu alikuwa amepiga, kwa namba ngeni ya nchi ya mbali.

"Ni yeye," mama akasema. "Nani mwingine?"

"Izime, dada," fundi alimsihi. "Mawimbi yetu yanaweza kuingia sasa hivi. Atapiga tena jioni."

Msikilizaji alimjua mdogo wake, mkaidi kama mama. Akijaribu tena asijibiwe, basi tena. Simu ikaanza kutetemeka mkononi mwake, na kwenye skrini mstari mwingine mweupe ukafunika kila kitu.

"Pokea, mama."

Mama akaiweka sikioni. Upande wa pili ilisikika pumzi tu.

"Nakusikia, baba," mama akasema. "Nakusikia."